Kaskazi si kaskazini tu: Maneno yaliyopanga safari za majahazi

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliandika majuzi kwamba majahazi ya Uarabuni yaliletwa Mombasa na “pepo za monsuni kutoka kaskazini”. Nilipiga mstari mwekundu chini ya maneno mawili: monsuni na kaskazini. Akanijia ofisini kuuliza kosa liko wapi, maana kamusi anayo na kitabu cha jiografia alichosoma sekondari kilisema vivyo hivyo. Nikamwambia avute kiti.

Tuanze na monsuni. Waarabu huyaita majira mawsim. Waswahili walilipokea neno hilo likawa msimu. Wareno nao wakalichukua likawa monção, likapitia Kiholanzi na Kiingereza, na kutoka huko likarejea katika shule zetu likiwa limevaa suti na tai: monsuni. Hivyo anayeandika “msimu wa monsuni” ameandika “msimu wa msimu”. Ni kosa la kuchekesha, lakini halimzamishi mtu.

Kaskazi ni jambo zito zaidi. Kwa watu wa Mji wa Kale, kaskazi ni upepo, na pia ni majira upepo huo unapovuma. Ndipo likaongezwa -ni, tukapata kaskazini, upande unakotokea kaskazi. Kusi na kusini ni vivyo hivyo. Tazama kwamba mashariki na magharibi hazina asili hii. Hizo zinatokana na maneno ya Kiarabu ya kuchomoza na kuzama kwa jua. Dira yetu, basi, nusu ni jua na nusu ni upepo. Tena kaskazi haitoki kaskazini barabara. Huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Disemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba, na ikishavuka ikweta hupinda kuelekea Bara Hindi. Kati ya hizo mbili kuna tanga mbili, kipindi ambacho upepo hulegea na chombo kinaweza kutweka tanga kwenda upande wowote. Upepo wenyewe wa kubadilikabadilika huitwa maleleji.

Sasa mchukue nahodha aliyetia nanga Bandari ya Kale, hatua chache kutoka Fort Jesus, anayetaka kwenda Pemba, ashuke Unguja, kisha arudi apande mpaka Lamu. Kwenye ramani Pemba ni jirani. Kutoka Mombasa hadi Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa hicho, ni maili za baharini kama 50, karibu kusini moja kwa moja. Wakati wa kaskazi upepo uko nyuma yake. Jahazi likienda maili tano kwa saa, nahodha akingoa nanga saa sita usiku atafika saa nne asubuhi, jua likiwa juu na miamba ikionekana. Lakini kuna mkondo wa maji unaopanda kuelekea kaskazini mwaka mzima katika sehemu hii ya pwani. Kaskazi huupunguza nguvu, kusi huuzidisha. Kwa hiyo mwezi Julai nahodha yuleyule, kwa maili zilezile 50, anapambana na upepo na maji kwa pamoja. Safari ya Lamu, maili kama 130, ni kinyume chake: kaskazi inamkabili, kusi inamsukuma.

Atapita katika upepo wa mbisho akitaka, lakini itambidi abishe. Mhh, kitenzi hiki kina mambo! Tunabisha hodi, tunabisha neno la mtu, na jahazi hubisha upepo, likienda mshazari huku na huku, hatua mbele na hatua kando. Kila likigeuzwa, foromali lile refu linalobeba tanga lazima lihamishiwe upande wa pili, kazi ya mabaharia wote. Ndiyo maana wazee hawakupanga safari ya kubisha ikiwa kungoja kuliwezekana.

Vasco da Gama alijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1498 alifika Mombasa mwezi Aprili, akaenda Malindi, akapewa rubani anayeijua bahari, akaondoka Aprili 24 kusi ikianza. Mei 20 alikuwa Calicut. Siku 26! Wakati wa kurudi hakungoja. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijashika, akafika Malindi Januari 1499. Bahari ileile ilimchukua miezi mitatu, na mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye.

Miaka 440 baadaye, mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, alijiunga na bumu la Kuwait lililoshuka na kaskazi ya 1938/39, likapita Lamu, Mombasa na Unguja hadi Rufiji kupakia boriti. Kisha likangoja kusi ndipo lipande kwao.

Mtu atauliza: walijuaje siku zimefika? Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote ilhali kaskazi haizunguki. Mabaharia wakaweka hesabu ya pili: mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, neno la Kiajemi, wenye siku 365 zilizohesabiwa kwa makumi. Kila kumi iliitwa mwongo. Leo tunasema mwongo kwa maana ya miaka kumi, na wachache hukumbuka kwamba miongo ilikuwa ratiba ya kung’oa nanga.

Injini zimepunguza haja ya ratiba hiyo, hazikuiondoa. Mvuvi wa ngalawa bado hukaa nchi kavu siku nyingi za kusi. Tangazo la hali ya hewa likimwambia “pepo za monsuni za kusini-mashariki zitaongezeka”, anasikia maneno sita ya kutafsiri. Likisema “kusi inakaza”, anajua kuna mawimbi, kuna mkondo, na pengine hakuna samaki wiki hii.

Mwanafunzi wangu alirudisha sura yake baada ya siku tatu. Sasa ilisomeka kwamba majahazi yaliletwa na kaskazi na kurejeshwa na kusi. Nilimwuliza, bila kutazama kitabu, yalikuwa yakifika mwezi gani. Akanitajia.