Fosforasi Iliyojificha Kidongeni: Utangulizi

Somo hili huanzia kwenye mkojo. Mwaka 1669, mjini Hamburg, Ujerumani, Hennig Brand alichemsha mkojo mwingi akitafuta dhahabu. Alichokipata ni fosforasi. Nakianza kisa hiki makusudi, kwa kuwa mkojo ndiyo njia kuu ambayo figo hutumia kutoa fosforasi iliyozidi mwilini.

Fosforasi ya kwenye chakula si sumu. Ni madini tunayoyahitaji, na takriban asilimia 85 ya yaliyomo mwilini yamo katika mifupa na meno. Tatizo huja figo zinapochoka: fosforasi hubaki damuni, mifupa hupoteza kalsiamu, na mishipa ya damu hukakamaa. Ndiyo maana mgonjwa wa figo mara nyingi huambiwa asipitishe miligramu 800 hadi 1,000 kwa siku.

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo twende polepole. Si fosforasi yote inayofyonzwa kwa kiwango sawa. Iliyomo kwenye maharage imefungwa ndani ya kampaundi iitwayo faiteti, ambayo utumbo wetu hauwezi kuivunja vizuri. Nyingi hupita tu. Fosfeti, yaani fosforasi iliyo katika umbo la chumvi, haina kifungo hicho, na karibu yote huingia damuni.

Sasa tutazame kidonge. Amlodipini, dawa ya presha inayotumiwa na wagonjwa wengi wa figo, huweza kuwa na miligramu 5 tu za dawa yenyewe, takriban robo ya uzito wa punje ya mchele. Nani angeweza kuishika? Mtengenezaji huongeza kijazio, yaani unga usiotibu unaokipa kidonge umbo na ukubwa. Kijazio kimojawapo ni fosfeti ya kalsiamu. Karatasi ya dawa hukitaja miongoni mwa viambato visivyotibu, lakini kwa kawaida haisemi kiasi chake. Kidonge kimoja huweza kubeba makumi ya miligramu za fosforasi, na mgonjwa wa figo hamezi kimoja tu kwa siku.

Kuna dawa za kunasa fosforasi, ambazo huishika tumboni kabla haijafyonzwa. Ila humezwa pamoja na chakula. Kidonge cha presha kikimezwa alfajiri kabla ya kula, hakuna cha kuinasa fosfeti yake.

Jambo linalonipa matumaini ni kwamba dawa ileile, ikitoka kwa mtengenezaji mwingine, huenda isiwe na fosfeti kabisa. Kwa hiyo mara nyingi pana nafasi ya kuchagua.

Nakusihi usiache dawa yoyote kwa sababu ya maelezo haya. Presha isiyotibiwa huziumiza figo kuliko kijazio. Kusanya maboksi yako yote, hata ya dawa ulizonunua bila cheti, umpelekee mfamasia wako na umwombe akusomee viambato visivyotibu, kimoja baada ya kingine.