Bei ya Nyumba na Gharama ya Nyumba: Maelezo kwa Kamati za Mikopo

Miongoni mwa maombi ya mikopo yanayofika mbele ya kamati za vyama vyetu vya akiba na mikopo, hakuna linaloleta furaha kama ombi la mwanachama anayetaka kununua nyumba yake ya kwanza. Ada ya shule huombwa kwa wasiwasi, na fedha za matibabu huombwa kwa huzuni. Lakini mwombaji wa nyumba huja amevaa vizuri, aghalabu akiwa na mkewe au mumewe, na wajumbe huanza kumpongeza kabla fomu haijasomwa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini fomu hiyo yapasa isomwe polepole kuliko nyingine zote. Bei ya nyumba ni kitu kimoja, na gharama ya kuimiliki ni kitu kingine; na chama kinachokopesha bei tu, bila kuuliza gharama zitalipwa kwa fedha gani, huweza kumweka mwanachama wake katika nyumba isiyo yake.

Si haki kuanza na gharama kabla ya kuitaja furaha yenyewe. Mtu aliyepanga kwa miaka 10 au 15 anajua maana ya kudaiwa kodi ya miezi 6, pengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Anajua maana ya kuambiwa na mwenye nyumba kwamba wageni wamezidi, maji yamezidi kutumika, au kwamba mtoto wa mwenye nyumba anaoa na vyumba vinatakiwa mwisho wa mwezi. Siku anapolala katika nyumba yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, hata kama madirisha hayana vioo, kuna utulivu ambao hakuna hesabu ya kamati inayoweza kuupima. Atapanda mwembe akijua kwamba yeye ndiye atakayekula maembe yake. Atampokea mama yake mzazi kutoka kijijini bila kuomba ruhusa kwa mtu. Wajumbe wasiowahi kupanga huidharau furaha hii, nao hukosea. Ni furaha ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli humfanya mtu awe na haraka.

Ununuzi wa nyumba iliyokwisha kujengwa si mazoea ya zamani kwa wananchi walio wengi wa Tanzania. Desturi imekuwa kujenga kidogo kidogo: mwaka huu kiwanja, mwaka ujao msingi, kisha matofali yakarundikwa pembeni hadi mavuno au mshahara uruhusu ukuta kupanda. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilifungwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mwananchi wa kawaida hakuwa na mahali pa kuomba mkopo mrefu wa nyumba. Sheria maalumu ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ya kuzipa benki fedha za muda mrefu kwa ajili ya mikopo hiyo. Hata hivyo, mikopo hiyo huwafaa zaidi wenye mshahara wa uhakika na nyumba zenye hati. Wengine wote wamebaki na chama chao. Ndiyo kusema kwamba kamati ya mikopo ya watu 3 au 5, wengi wao wakulima na walimu, imekuwa benki ya nyumba bila kukusudia.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu. Mwanachama ana akiba ya sh. 8,000,000 katika chama kinachokopesha hadi mara 3 ya akiba. Amepata nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa mji, bei sh. 24,000,000. Kwa haraka hesabu inaonekana kama imepangwa na Mungu: mara 3 ya akiba yake ni sawasawa na bei. Lakini akiba hiyo haitoki. Inabaki chamani kuwa dhamana ya mkopo. Kwa hiyo siku anapokabidhiwa sh. 24,000,000 na kumpa muuzaji sh. 24,000,000, mkononi mwake hakuna kitu, na kazi ya kuifanya nyumba kuwa yake ndiyo kwanza inaanza.

Kazi hiyo inahitaji nini? Kwanza upekuzi katika Ofisi ya Msajili wa Hati, ili kujua kama jina la muuzaji ndilo lililoandikwa, na kama nyumba haina rehani wala zuio. Kisha mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa ipasavyo, na wakili hafanyi kazi bure. Thamani ya nyumba huhitaji kuthibitishwa na mthamini. Kuna ushuru wa stempu, ambao kwa uhamisho wa milki ni karibu asilimia 1 ya thamani, yaani kama sh. 240,000 katika mfano wetu. Kuna ada za kibali na za usajili. Na kuna kodi ya faida aliyopata muuzaji, ambayo kisheria ni mzigo wake yeye, lakini msajili hahamishi milki mpaka aone uthibitisho kwamba kodi imelipwa. Hapa wanunuzi wengi hunaswa. Muuzaji husema, “Bei hii ni ya mkononi,” mnunuzi huitikia bila kuelewa, na baadaye hugundua kwamba kodi ya mwenzake imekuwa yake. Dalali naye ana chake, na hakisubiri.

Tuje kwenye marejesho. Ikiwa riba ni asilimia 12 kwa mwaka, na mkopo wa sh. 24,000,000 unalipwa kwa miezi 48, mwanachama atalipa karibu sh. 632,000 kila mwezi endapo riba inahesabiwa juu ya deni linalobaki. Riba yote itafika karibu sh. 6,336,000. Lakini kama chama kinahesabu riba juu ya mkopo wa awali tangu mwanzo hadi mwisho, atalipa sh. 740,000 kila mwezi, na riba itakuwa sh. 11,520,000. Asilimia ni ileile, muda ni uleule, na tofauti ni zaidi ya sh. 5,000,000, ambazo zingelipa uhamisho wa milki na kubakiza za kutengeneza paa. Kwa maoni yetu, chama kisichomweleza mwanachama ni njia ipi kati ya hizi mbili inayotumika hakijamweleza riba kabisa.

Kwa mkulima ratiba ya kila mwezi yenyewe ni tatizo. Mkulima wa korosho huuza kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa, na kumdai Mei kiasi kilekile anachodaiwa Novemba ni kumtafutia deni la pembeni. Vyama vinavyopanga marejesho kufuata msimu havifanyi hisani; vinalinda fedha zao.

Hati, leseni, au karatasi ya mauziano

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Anayenunua nyumba mjini ananunua jengo pamoja na haki ya kuitumia ardhi kwa muda uliotajwa katika hati, usiozidi miaka 99. Hati ikiwa ni ya miaka 33 na imebaki miaka 4, yapasa jambo hilo lionekane katika bei, na yafaa kuuliza masharti ya kuihuisha mapema. Yafaa pia kuuliza stakabadhi za kodi ya ardhi ya kila mwaka, kwa sababu malimbikizo hayafutiki kwa kubadilika mwenye nyumba. Kodi ya majengo ni jambo jingine, nayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kwa kununua umeme wa LUKU.

Nyumba nyingi ambazo wanachama wetu huzimudu zimo katika maeneo yasiyopimwa. Huko hakuna hati, bali karatasi ya mauziano yenye saini za majirani na mhuri wa serikali ya mtaa, na mahali pengine leseni ya makazi, ambayo ni haki ya muda mfupi. Hatusemi nyumba hizo zisinunuliwe. Tungesema hivyo, nusu ya wanachama wangebaki wapangaji hadi uzeeni. Tunasema kwamba kamati iombe karatasi zote za mauziano ya nyuma, tangu mwenye shamba wa kwanza hadi muuzaji wa sasa, na mjumbe mmoja aende kusimama kwenye mipaka pamoja na majirani wa pande zote. Jirani asiyekuja kusimama ana sababu yake. Na ikiwa ardhi iko chini ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji iridhie. Saini ya mwenyekiti peke yake jioni nyumbani kwake si ridhaa ya halmashauri.

Mjumbe huyo ambaye amekwenda kuona mipaka na aende wakati wa masika. Kiangazi kila nyumba iko mahali pa juu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, na wakazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wanakumbuka alama za X zilizochorwa katika kuta zao mwishoni mwa mwaka 2015. Hifadhi ya barabara nayo ina hadithi zake. Watu wa Kimara walizisikia mwaka 2017. Akiwa huko na atazame pia chini ya mbao za dari kama kuna mchwa, na aulize shimo la choo lilinyonywa lini. Maana nyumba njema si mlango, na gharama ya mwaka wa kwanza mara nyingi imejificha katika choo na paa.

Saini ya mke

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mikopo katika chama kimoja ambacho hatutakitaja. Mwalimu wa shule ya msingi, mwanachama mwaminifu asiyewahi kuchelewa, alileta ombi la nyumba. Upekuzi ulikuwa safi: jina lilikuwa la muuzaji, na hapakuwa na rehani. Tulipitisha kwa kauli moja, na mimi nilitia saini. Fedha zote zikaenda kwa muuzaji siku ileile, na mwalimu akahamia na familia yake wiki iliyofuata. Fedha za uhamisho hakuwa nazo, na hakuna miongoni mwetu aliyemwuliza. Muuzaji, mzee mpole, alimtuliza kwa kumwambia, “Mwalimu, baina yangu na wewe karatasi ya nini? Siku utakayokuwa tayari tutakwenda pamoja.”

Siku hiyo haikufika. Mwaka wa tatu mzee alifariki dunia. Marehemu hawezi kutia saini, na baada ya kifo chake mwenye uwezo wa kuhamisha milki ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ndipo alipojitokeza mjane, mama mtulivu ambaye hakuwa na nia ya kumdhulumu mtu, akasema kweli tupu: nyumba ile ilikuwa ya ndoa, yeye alikuwa kwa wazazi wake akiuguza wakati inauzwa, na hakuombwa ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwalimu alikuwa amenunua kwa fedha halali kutoka kwa mtu aliyeandikwa katika hati, na bado hakuwa na nyumba.

Shauri lilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Muda wote huo mwalimu aliendelea kukatwa marejesho, mwezi kwa mwezi, kwa nyumba ambayo hakuthubutu kuipiga hata rangi. Mwishowe familia mbili zilipatana nje ya baraza. Mwalimu alimlipa mjane fedha nyingine, akalipa na gharama zote za uhamisho, kwa mkopo wa pili ambao chama kilimpa kwa aibu zaidi kuliko kwa hesabu. Hati ikatoka kwa jina lake miaka 6 baada ya siku aliyohamia.

Yaliyobadilishwa na kamati baada ya hapo ni machache. Mkopo wa nyumba haupitishwi tena kwa bei tupu: gharama za uhamisho hukadiriwa kwanza, na ikiwa mwombaji hana akiba nyingine ya kuzilipia, kiasi cha kununulia hupunguzwa ili zibaki ndani ya mkopo, hata kama maana yake ni kutafuta nyumba ndogo zaidi. Hundi ya kwanza hutolewa mkataba unapotiwa saini na wanandoa wote wawili wa upande wa muuzaji, au anapoapa mbele ya wakili kwamba hana ndoa. Sehemu iliyobaki hubaki chamani mpaka nyaraka za uhamisho zipokewe kwa msajili, na kwa nyumba yenye hati chama huandikisha rehani yake hapohapo. Waombaji wengi hunung’unika, kwa kuwa wauzaji hawapendi kungoja, na wapo waliokosa nyumba nzuri kwa sababu hiyo. Katika fomu umeongezwa mstari mmoja, chini ya ule wa bei, unaomtaka mwombaji ataje fedha za kuhamisha milki zitatoka wapi. Na ukiachwa wazi, fomu hurudishwa bila kujadiliwa.