KUNUNUA KAMERA YA KIKUNDI KWA FEDHA KIDOGO

Leo sitazungumzia mbolea wala mbegu. Nitazungumzia chombo ambacho vikundi vingi vya wakulima huku Mbeya na Iringa vinataka kukinunua, na vingine vimekwisha kukinunua vikajuta. Chombo chenyewe ni kamera ya dijitali, yaani kamera isiyotumia filamu. Kama una kalamu na karatasi karibu, vichukue.

Najua utaniuliza: Bwana Shamba, kamera na viazi wapi na wapi? Swali zuri. Sikiliza kisa hiki.

Kikundi kimoja cha wakulima wa viazi wilayani Mufindi kilichangishana fedha kikanunua kamera ndogo. Kwenye boksi lake paliandikwa namba kubwa ya megapikseli, na muuzaji akawaambia hiyo ndiyo kamera bora dukani. Mvua zilipokolea, viazi vyao vikaanza kunyauka na kutoka madoa. Wakapiga picha siku ya Jumatatu. Kamera ile haikuwa na njia ya kutuma picha, kwa hiyo katibu wao, mama mmoja mwangalifu sana, akapanda gari mpaka mjini, picha zikahamishiwa kwenye kompyuta ya duka la stesheneri, ndipo zikanifikia. Ilikuwa Alhamisi.

Nikazitazama picha sita. Zote zilikuwa kijani kitupu kilichochanganyika kama uji. Doa halionekani, mishipa ya jani haionekani. Sasa viazi vina magonjwa mawili yanayoweza kumchanganya mtu akitazama kwa mbali. Upo ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao wengi wetu tunauita ukungu. Huo unazuiwa kwa dawa ya ukungu ikiwahi. Na upo mnyauko bakteria. Huo hauna dawa ya kupulizia, ni kung'oa mimea iliyougua na kutorudisha viazi katika shamba lile kwa misimu kadhaa. Kuwaambia wanunue dawa bila kujua ni ugonjwa gani ni kuwatupia fedha zao mtoni. Nikaamua kwenda mwenyewe. Nilifika Jumamosi, ekari mbili zimekwisha kuwa nyeusi. Ulikuwa ukungu. Dawa ya siku ya Jumatatu ingeokoa sehemu kubwa ya shamba.

Lawama nyingine ni yangu. Ningeweza kuwaambia kwa simu wakate kipande cha shina, wakining'inize ndani ya glasi ya maji safi, watazame. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka ndani ya maji, huo ni mnyauko bakteria. Sikukumbuka, kwa sababu nilikuwa nangoja picha. Lakini kisa hiki kimenifundisha jambo moja, nalo ndilo nataka ulishike leo: kamera ya kikundi inunuliwe kwa kazi yake, wala si kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Na kazi yake ni kuona jani kwa karibu, na kuifikisha picha kwa mtaalamu siku ile ile.

HIYO MEGAPIKSELI NI KITU GANI?

Picha ya dijitali imejengwa kwa nukta ndogo ndogo, kama mkeka ulivyojengwa kwa ukindu. Megapikseli moja ni nukta milioni moja. Kamera ya kwanza ya dijitali ya kushika mkononi ilitengenezwa mwaka 1975 na mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, huko Marekani. Ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuiweka picha moja kwenye mkanda wa kaseti, kaseti za aina ile ile tulizokuwa tukisikilizia muziki. Siku hizi hata simu ya bei ndogo ina mamilioni ya nukta.

Je, tunahitaji ngapi? Ukitaka kuchapa picha safi ya ukubwa wa karatasi ya A4, nukta milioni 9 zinatosha. Kuitazama kwenye simu, hata pungufu ya hapo zinatosha. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 12 inakutosha kwa kazi ya shamba. Hizo 48 au 64 za kwenye boksi si lazima zikupe picha bora zaidi.

Kwa nini? Ndani ya kamera kuna kibao kidogo kinachopokea mwanga. Kifananishe na tuta. Ukipanda mbegu mia katika tuta la mbegu ishirini, zote zitaota lakini zitadhoofika, maana zinagombea chakula kile kile. Nukta nazo zikibanwa mno kwenye kibao kidogo, kila moja inapata mwanga kidogo, na mahali penye giza picha inakuwa na chengachenga. Tena ziko kamera za bei rahisi ambazo namba yake kubwa haitokani na kibao chenyewe. Kamera inapiga picha ndogo, kisha inajibunia nukta za kujazia nafasi. Nukta za kubuni hazionyeshi ugonjwa.

SIMU AU KAMERA?

Mkulima mwenye fedha kidogo ana njia tatu. Ya kwanza ni simu ya kisasa yenye kamera nzuri. Ya pili ni kamera ndogo ya mfukoni. Ya tatu ni kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, iliyokwisha tumika.

Kamera ndogo za mfukoni zimepungua sana duniani, kwa sababu simu zimechukua kazi yake. Mwaka 2010 watengenezaji walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Maana yake ni kwamba nyingi za mfukoni utakazoziona madukani ni za miaka ya nyuma, na kupata betri yake au fundi wake ni kazi.

Kamera kubwa iliyotumika inaweza kutoa picha nzuri sana. Lakini sisi tunakaa kwenye nchi ya baridi na unyevunyevu. Rungwe, Mufindi na Njombe ukungu hauoti kwenye viazi peke yake. Unaota hata ndani ya lenzi. Ukiuziwa kamera ya namna hiyo, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, iache. Tena lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera hizo hazikaribii jani vya kutosha; lenzi ya kupigia vitu vidogo inanunuliwa peke yake, nayo ni ghali.

Kwa vikundi vyetu vingi, basi, ushauri wangu ni simu nzuri itakayokuwa mali ya kikundi. Inapiga, inatuma pale pale kama mtandao upo, na inafanya kazi nyingine. Mwaka 2018, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Pennsylvania State cha Marekani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walitoa programu ya simu inayoitwa Nuru, inayomsaidia mkulima kutambua viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, hata mahali pasipo na mtandao. Kamera ya mfukoni haiwezi kazi hiyo.

JINSI YA KUIJARIBU DUKANI

Uwe unanunua Mwanjelwa pale Mbeya, au mjini Iringa, au Makambako, usitoe fedha kabla ya kujaribu. Muuzaji mwema hatakukataza. Fanya hivi:

Kwanza, nenda na jani la maharage lenye madoa mfukoni. Ukisahau, toa noti ya shilingi 1,000. Piga picha kwa umbali wa shubiri moja. Kisha ikuze kwenye kioo. Mishipa ya jani, au maandishi madogo ya noti, yanasomeka? Kama hayasomeki, rudi nyuma kidogo upige tena. Zipo simu za bei ndogo ambazo lenzi yake imefungwa mahali pamoja na haiwezi kujirekebisha kwa kitu cha karibu. Hiyo haikufai, hata iwe na namba gani.

Pili, piga picha kwenye kona ya duka yenye giza, bila kuwasha taa ya kamera. Hapo ndipo chengachenga hujitokeza.

Tatu, ukiambiwa inavuta mbali, uliza inavuta kwa lenzi au kwa kukuza nukta. Inayovuta kwa lenzi, picha inabaki safi. Ile nyingine inakata kipande cha picha na kukikuza tu. Kwa shamba, kuvuta kuzuri ni kwa miguu: sogea.

Nne, uliza picha inatokaje humo ndani. Kama jibu ni waya na kompyuta, fikiria kompyuta yako iko wapi. Wakumbuke ndugu zetu wa Mufindi.

Tano, uliza betri. Ziko kamera zinazotumia betri ndogo kama za redio. Betri za kawaida za redio zinaisha upesi sana ndani ya kamera, maana kamera inakula umeme mwingi kwa mkupuo. Zinafaa za kuchaji. Na ukumbuke kwamba betri huishiwa nguvu haraka kwenye baridi. Wa Uporoto mwezi wa sita na wa saba wanalijua hili. Ibebe ndani ya koti.

Sita, kama ni simu, bonyeza *#06# usome namba yake ya utambulisho, uilinganishe na ya kwenye boksi. Wengi wetu tunakumbuka mwezi Juni mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilipozifungia simu bandia. Watu waliamka na simu isiyopiga wala kupokea. Mwisho, dai risiti, na uulize dhamana ni ya muda gani.

GAWENI FEDHA KABLA YA KWENDA MJINI

Kosa kubwa ni kumaliza fedha zote kwenye chombo. Tuchukue mfano. Kikundi kina watu 20, kila mmoja ametoa shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 400,000. Mimi nasema shilingi 300,000 ziwe za chombo, na robo iliyobaki, shilingi 100,000, iwekwe kwa ajili ya kadi ya kumbukumbu, mfuko wa kukinga mvua, betri ya akiba au chaja ya kubebea umeme, na matengenezo. Kadi ya gigabaiti 32 inaingiza maelfu ya picha. Hamna haja ya kubwa zaidi. Chombo cha shilingi 400,000 kisicho na betri shambani ni pambo.

Andikeni pia nani anakitunza, nani anaruhusiwa kukichukua, na daftari la kusaini. Kikirudi kutoka shambani kwenye baridi, kisitolewe mfukoni mara moja jikoni kwenye joto, maana maji yatajikusanya kwenye lenzi kama yanavyojikusanya kwenye kioo cha dirisha. Kiache kipate joto taratibu ndani ya mfuko wake.

PICHA YENYEWE IPIGWEJE?

Kamera nzuri kwa mpigaji mbaya haisaidii. Piga kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, jua likiwa bado laini. Ukilazimika kupiga mchana, likinge jani kwa kivuli chako mwenyewe. Futa lenzi kwa kitambaa safi kwanza. Vidole vyetu vina udongo.

Mpigie mtaalamu picha nne. Ya kwanza, shamba zima, aone ugonjwa umeenea namna gani. Ya pili, mmea mmoja kuanzia juu mpaka udongoni. Ya tatu, jani kwa karibu, upande wa juu na wa chini. Ukungu wa viazi asubuhi huonyesha utando mweupe chini ya jani, pembeni mwa doa. Ya nne, kiazi kilichokatwa kwa kisu. Mnyauko bakteria huacha duara la kahawia ndani yake. Weka sarafu kando tujue ukubwa. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ukiituma kwa njia ya kawaida inapunguzwa njiani. Andika tarehe, kijiji, aina ya mbegu, na dawa uliyokwisha kupuliza.

Ndugu mkulima, tuyarudie kwa kifupi. Jua kazi ya chombo kabla ya bei. Megapikseli 12 zinatosha. Jaribu kwa jani, umbali wa shubiri. Uliza picha inatokaje. Acha robo ya fedha kwa betri, kadi na matunzo.

Ndugu zetu wa Mufindi waliiuza kamera ile, wakaongeza fedha, wakanunua simu. Msimu uliofuata yule mama katibu alinitumia picha ya jani saa 3 asubuhi. Utando mweupe ulionekana wazi. Saa 4 nilikuwa nimekwisha kumjibu, na jioni ile walipuliza dawa. Walivuna.

Hadi tutakapokutana tena, nakutakia kazi njema shambani. Kwa heri.