Je, Wajua? Mgrivea si mwaloni

Mwaloni tunaousoma katika Biblia, ule wa Mamre alikokaa Abrahamu, hauna asili popote kusini mwa Sahara. Anayetaka kivuli uani katika nyanda za juu za Ludewa ana mgrivea, mti wa mashariki mwa Australia. Waingereza huuita mwaloni wa hariri kwa kuwa mbao zake zinafanana na za mwaloni, lakini miti hiyo haina udugu. Uliletwa Afrika Mashariki kukinga kahawa na chai dhidi ya jua. Mizizi yake huzama chini, haigombei sana maji na mahindi. Na maua yake! Ya rangi ya chungwa, yamejaa nekta, nyuki huyagombania. Upogoe, upate kuni, utachipua tena. Ila matawi yake huvunjwa na upepo mkali, kwa hiyo usiupande karibu na paa.