Kabla hamjang'oa mlango wa bibi

Mmeoana, mkopo wa benki umetoka, na familia imewaachia ile nyumba ya mawe ya bibi kule Mikindani. Nyie mnakaa Magomeni, Mtwara mjini, kilomita kama 10 tu, kwa hiyo kila Jumamosi mnakwenda kuiangalia. Na kila Jumamosi mnarudi mmenuniana! Mume anataka ukuta, geti la chuma na kibanda cha mlinzi. Mke anataka sebule kubwa kama zile za kwenye tamthilia. Haya, tulieni kwanza.

Tuanze na geti. Matajiri wa Uingereza wenye mashamba makubwa walikuwa wakijenga nyumba ndogo pale getini, akakaa humo mtu wa kufungua na kufunga. Pwani yetu kazi hiyo imefanywa na baraza na mlango. Mgeni anakaribishwa barazani, anapewa kahawa, shida yake inasikilizwa, na walioko ndani faragha yao haiguswi. Mlango wenyewe ni wa mbao nzito, fremu imechongwa, mpita njia akiuona tu anajua hapa wanakaa watu wa aina gani. Mkijenga ukuta mrefu mbele yake, mmeununua uzuri na kuufungia kabatini.

Akitokea mtu na mkwanja mkononi anautaka mlango, msikimbilie kuhesabu noti. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940, na kuuuza au kuupeleka nje ya nchi ni mambo ya kibali. Kichekesho ni kwamba kwa majengo sheria hiyo hiyo inahesabu yale ya kabla ya 1863, labda serikali ilitangaze jengo lenyewe. Yaani nyumba inaweza kuwa haina kinga, mlango wake unayo!

Sasa sebule. Vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba, na si kwamba wazee hawakupenda nafasi. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko mnene ulionyooka hautoi urefu wa kutosha chumba kipana. Mita 3 hivi basi. Ule ukuta wa katikati unaotaka kuubomoa ndio unaozishika boriti. Fundi akiupiga nyundo bila kuweka nguzo, dari linakuja chini, na huenda mko chini yake.

Halafu simenti. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua: unanyonya unyevu na kuutoa. Mkiuziba kwa plasta ya simenti au rangi ya mafuta, unyevu na chumvi vinabaki ndani, plasta inavimba, inadondoka na kipande cha ukuta. Mnaita fundi tena, mnalipa tena, ugomvi unaanza upya. Chokaa si ya kizamani jamani, ndiyo dawa yake.

Mnadhani haiwezekani kubadilisha bila kuharibu? Pandeni kilimani mkaliangalie Boma la Mikindani, lile jengo jeupe lenye mnara. Wajerumani walilijenga 1895 kwa ajili ya utawala wao. Lilichakaa sana, mpaka miaka ya 1990 shirika la Uingereza la Trade Aid lilipolikarabati na kuligeuza hoteli, huku vijana wa hapo wakifundishwa kazi. Ngome ya wakoloni ikawa mahali pa wageni kulala, na kwa nje bado ni boma lile lile.

Kwenu ni rahisi zaidi. Choo, bafu na jiko la kisasa, vyenye maji mengi, vijengeni vipya uani, mbali na kuta za zamani. Sebule kubwa nayo ikae huko huko nyuma, mke apate anachotaka. Mlango safisheni, bawaba zitiwe mafuta.

Na mlinzi? Mwekeeni kiti barazani.