Je, Wajua? Meya wa Jiji hachaguliwi na wananchi

Nchini Tanzania meya hupigiwa kura na wajumbe wa baraza la madiwani. Ndiyo maana Isaya Mwita, diwani wa Vijibweni kwa tiketi ya CHADEMA, alisubiri miezi kadhaa kuwa Meya wa Dar es Salaam: uchaguzi uliahirishwa mara kwa mara, mara moja kwa madai ya zuio la mahakama, vurugu zikazuka. Machi 22, 2016, ukumbini Karimjee, alipata kura 84 dhidi ya 67 za Omary Yenga wa CCM. Januari 2020 madiwani walimng'oa, naye akapinga. Kumbe kura yako kwa diwani humchagua meya pia. Ipige kwa makini.