Jinsi Nilivyoizima Kengele ya Mashine Nne

Likizo iliyopita nilikwenda Kampala kukaa kwa mjomba wangu. Huko nilifanya kosa dogo la herufi, na kosa hilo likawaumiza watu wasio na hatia. Nataka kuwaelezeni habari hiyo ili nanyi msije mkaanguka katika shimo lile lile.

Kazi ya mjomba ni kuangalia seva za ofisi moja. Seva ni kompyuta ambayo hakuna mtu akaaye mbele yake. Kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine na kuwatunzia watu hesabu na barua zao. Ofisi ile ilikuwa na seva nyingi, na 12 kati yake zilikuwa za hesabu. Ziliitwa hesabu1, hesabu2, na kuendelea mpaka hesabu12.

Mtu mmoja hawezi kuzikodolea macho mashine zote usiku na mchana. Kwa hiyo iko programu inayozizungukia kila baada ya muda mfupi, kama bawabu anayezunguka nyumba na taa yake. Huiuliza kila seva: Je, u hai? Diski yako ina nafasi? Jibu likiwa baya, au lisipokuja kabisa, programu humpigia mjomba kengele katika simu yake, hata ikiwa ni saa nane za usiku.

Basi, siku ya Jumatatu fundi alianza kuitengeneza hesabu1, akawa akiizima na kuiwasha kila mara. Kengele ikalia kutwa kucha. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, wewe umejifunza mambo haya shuleni. Iandikie programu kanuni, isinipigie kengele kwa ajili ya hesabu1 mpaka fundi amalize."

Kanuni za namna hiyo huandikwa kwa rejeksi. Rejeksi ni kielelezo cha herufi: badala ya kutaja majina yote moja moja, unaandika umbo lao tu, na kila jina lenye umbo hilo huchaguliwa. Mimi nikaandika hivi:

hesabu1

Kengele ikanyamaza. Mjomba akanisifu, nami nikavimba kichwa.

Jumatano usiku diski ya hesabu12 ilijaa pomoni. Mashine hiyo ndiyo iliyotunza orodha ya mishahara. Kengele haikulia. Alhamisi nayo ikapita kimya. Ijumaa, siku ya mwisho wa mwezi, mishahara haikutoka. Asubuhi ile nilimwona mama mmoja mfagiaji amekaa juu ya benchi karibu na mlango, akingoja. Alikuwa amemwahidi mwenye nyumba wake kwamba siku hiyo angelipa kodi. Alingoja mpaka jioni, kisha akaenda zake mikono mitupu. Fedha zilipatikana Jumatatu.

Mjomba hakunigombeza. Alichukua karatasi akaandika majina matatu: juma, jumanne, mwajuma. Akaniuliza, "Kiranja akisema kwamba juma ni mgonjwa, asiende kulima, ni nani atakayebaki bwenini?"

Nikamjibu, "Juma peke yake."

Akasema, "Ndiyo, kwa sababu kiranja ni mtu. Programu haijui watu, yajua herufi tu. Iko programu inayotafuta herufi hizo popote katika jina. Kwayo, wote watatu watabaki, maana hata katika mwajuma herufi za juma zimo. Iko nyingine inayosoma kuanzia mwanzo wa jina. Hapo juma na jumanne watabaki. Na iko inayotaka jina zima lilingane. Hiyo ndiyo itakayomwacha juma tu."

Hapo nikafahamu. Programu ya ofisi ile husoma kuanzia mwanzo wa jina. Niliposema hesabu1, ilizinyamazisha pia hesabu10, hesabu11 na hesabu12, kwa kuwa zote zaanza na herufi zile zile. Nilitaka kuinyamazisha mashine moja, nikazinyamazisha nne.

Tofauti hii si ya kubuni. Programu ya grep hutafuta popote katika mstari. Checkmk, ambayo ni programu ya kuangalia seva, hulinganisha kuanzia mwanzo wa jina la seva. Prometheus, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud, hutaka jina zima. Kwa hiyo kielelezo kilicho sahihi katika programu moja chaweza kuleta hasara katika nyingine.

Dawa yake ni kuweka mipaka. Alama ya kofia, ^, maana yake ni "hapa ndipo jina linapoanza," na alama ya dola, $, maana yake ni "hapa ndipo linapokwisha." Ningaliandika hivi, mambo yangalikuwa salama:

^hesabu1$

Jihadharini na nukta pia. Katika rejeksi nukta si nukta. Ni herufi yoyote moja. Mtu akiandika ^hesabu1.$ akidhani amefunga sentensi yake vizuri, atazinyamazisha hesabu10, hesabu11 na hesabu12, na hesabu1 yenyewe itaendelea kupiga kelele! Ukitaka nukta ya kweli, tanguliza alama ya mkwaju wa kinyume, hivi: \. Na ukitaka kuziondoa seva za majaribio tatu tu, weka tarakimu ndani ya mabano ya mraba: ^jaribio[1-3]$

Tangu siku ile mjomba na mimi twafuata desturi tatu. Kwanza, twaandika majina ya seva zote katika faili moja, kisha twajaribu kielelezo juu ya orodha hiyo kwa grep kabla ya kukitia kazini. Tukitazamia jina moja, yakatoka manne, twajua kwamba tumekosea. Pili, twaandika kando ya kila kanuni sababu yake na siku ya kuiondoa, maana kanuni iliyosahauliwa ni mlango ulioachwa wazi. Tatu, ikiwa mashine ni moja au mbili, twataja majina yake kamili, wala hatutumii rejeksi.

Elimu hii si changa. Mwaka 1951 Mmarekani Stephen Kleene, mwanahesabu, alieleza vielelezo vya namna hii kwa njia ya hesabu, na mwaka 1968 Ken Thompson akatangaza njia ya kuvitumia katika kompyuta kutafuta maneno. Ni chombo kizuri sana, lakini hufanya ulichoandika, si ulichokusudia.

Wazee walisema, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini mwiba wangu mimi ulimchoma mtu mwingine, na yule mama hakujua hata jina la mashine ile. Kwa hiyo, ndugu zangu, siku mtakapomwambia mlinzi asitazame mahali fulani, hakikisheni kwanza mpaka wa mahali hapo.